Hakuna Jina Baada ya Juni

Richmond Hill, Ontario
Jumapili, 18 Januari 2026

Dada yangu mpenzi Nurjehan,

Ya Ali Madad. Kwanza goti. Mara ya mwisho tulipozungumza ulisema limevimba, na kwamba wakati wa sala jamatkhana siku hizi unakaa nyuma kwenye viti pamoja na wale uliokuwa ukiwaita wazee. Kama daktari amekupa dawa mpya, inywe, usiinuse na kuitia kabatini kama ilivyo kawaida ya ukoo wetu. Shemeji je, kikohozi kimempa nafasi ya kulala? Na Mombasa inaendeleaje na jua lake la Januari? Huku kwetu theluji imefunika gari la jirani mpaka hujui ni gari au ni kaburi. Sisi ni wazima wa mwili. Wifi yako Zarina anakupa shikamoo nyingi. Tazmin wetu nilimwambia akuandikie hata mstari mmoja kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kwamba masikio yake yanakijua lakini mkono wake haukijui. Basi pokea salamu zake kupitia mkono wangu.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu yako, Dada, ni redio ya nyumba nzima. Wajukuu wanakufungulia ujumbe sebuleni, sauti juu, na mpika chapati jikoni anajibu kabla yako. Haya ya leo ni yako peke yako. Barua hii nampa Qurratulain, mke wa yule daktari wa meno unayemkumbuka, ambaye anaondoka kesho na atakuwa Mombasa Jumatano. Siku ya pili yake, Alhamisi saa kumi na moja jioni kwa saa za huku, nitawasha kipaza sauti kama kila wiki, na nitasema jambo ambalo huenda likamtoa mwanao Nabeel kazini. Nimelitanguliza ili usisome kurasa zote hizi ukijiuliza nazunguka nini. Sasa kaa, weka mguu juu ya stuli, unisikilize.

Najua umewaambia wenzako kwamba mwanao anacheza mpira wa kikapu Kanada. Kijana hajawahi kudunda mpira hata barabarani. Anachodunda ni tarakimu. Timu yenyewe inaitwa Herons, Zarina huiita Korongo, na si ile timu kubwa ya mjini ambayo jezi zake zinafika mpaka soko la Kongowea. Hii ni ya pili, ya watu wa mashariki ya jiji, na uwanja wake uko karibu na Agincourt, katikati ya maduka ya kila taifa lililowahi kufukuzwa mahali. Ligi yao ina sheria kwamba jumla ya mishahara ya wachezaji isivuke kikomo. Ukikivuka unatozwa faini, na ukirudia mwakani faini inapanda. Ndiyo maana kila timu inaye mtu wa kutazama miaka mitano mbele na kupanga nani atabaki, nani ataondoka, mkataba wa nani uishe lini ili nafasi ya nani ipatikane. Kwa Korongo mtu huyo ni mwanao. Ni kazi ya heshima, na anaiweza kuliko wote.

Kazi yangu unaijua, ingawa hujawahi kuipenda. Naandika makala kila wiki, na kila Alhamisi nina kipindi changu cha mtandaoni. Nazungumzia mpira, lakini kila anayenisikiliza anajua kwamba kwangu mpira ni njia ya kuwasema wakubwa. Wananiita mkali. Mimi nasema wamezoea kubembelezwa. Tangu Nabeel aajiriwe tuna mapatano, mimi na yeye: Jumamosi anakula kwetu, na kazi yake inabaki mlangoni pamoja na viatu. Hajawahi kunipa neno la ofisini, nami sijawahi kumwomba. Hata adui zangu, na ninao wa kutosha, hawajawahi kunishika kwa hilo.

Kwa miaka sita niliwapigia kelele wakubwa wa Korongo. Walikuwa wakiwapa wachezaji waliochoka mikataba minono ya miaka minne, mitano, kisha wanashangaa hawana nafasi ya kumchukua kijana mwenye miguu. Nilisema wanaendesha timu kama mlevi anavyofanya manunuzi ya sikukuu. Nilidai wasafishe. Waache mikataba mirefu, walinde nafasi zao za kuchagua chipukizi, ambazo ligi huzigawia timu kila mwaka na timu huweza kuziuziana, wafikirie kesho. Na walipomtoa nahodha wao, mtu aliyependwa mpaka watoto wa Kingsview Village walinyoa kama yeye, wakapokea badala yake wachezaji watatu wasio na jina ambao mikataba yao ilikuwa inakaribia kumalizika, mji mzima ulilia isipokuwa mimi. Niliandika kwamba hatimaye wamepata akili. Nilisema mkataba unaokaribia kuisha ni mali, kwa kuwa unakupa uhuru. Tafadhali liweke hilo akilini, maana nitalirudia kwa aibu.

Mwezi wa Desemba nilikuwa natayarisha kipindi cha kufungia mwaka. Nilitaka kuwaeleza wasikilizaji timu yao itakuwaje miaka mitatu ijayo. Mikataba ya wachezaji si siri, anayetaka anaisoma. Nikaanza na msimu huu: kikosi kimejaa. Nikaenda msimu ujao: kimejaa, mpaka Juni ya 2027. Nikasogea mbele zaidi, hakuna jina. Hata moja, Dada. Kocha naye mkataba wake unaisha Juni hiyo hiyo. Daktari wa timu vilevile. Mtangazaji wa uwanjani, mzee yule mwenye sauti ya radi, kapewa mwaka mmoja na nusu tu. Na wakati huo huo wamejikusanyia nafasi za kuchagua chipukizi kwa miaka inayofuata, rundo ambalo hakuna timu nyingine inalo. Juni hiyo hawana mtu, kesho yake wana kila kitu. Nilijisemea kwamba huu ndio usafi niliouomba.

Nikalisema hivyo hewani, na watu wakafurahi. Akapiga simu kijana mmoja wa Dixon Road, Mkenya kwa lafudhi, akaniambia Mzee Noordin leo mbona umekosa wa kumtukana, au umeanza kulipwa? Nikacheka, nikamjibu kwamba wakinilipa atajua kwa sababu nitanunua koti lililo na vifungo vyote. Lakini nilipozima kipaza sauti niliifungua tena ile orodha ya mikataba, nikiwa na shaka nisiyojua imetoka wapi. Ilinichukua siku kadhaa kuitambua. Ilikuwa imetoka Nakuru.

Unakumbuka mwaka wa mwisho wa duka? Wewe ulikuwa umeshaolewa huko Mombasa, mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na ilikuwa mwaka ule uliofuata jaribio la mapinduzi, wakati kila nyumba ya Kihindi ilikuwa inanong'ona. Baba aliacha kuagiza nguo. Lakini hakutaka mtu aone rafu zinapungua, kwa hiyo kila jora lililobaki alilifungua, akalikata mawili au matatu, akazungushia kitambaa juu ya makaratasi ya boksi yaliyokunjwa mpaka likaonekana nene kama jipya. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkunjia maboksi. Ukiingia dukani unaona rangi mpaka darini. Ukivuta jora moja, mkononi lilikuwa jepesi kama mto wa mtoto. Na mwezi huo huo Baba alipaka rangi mbele ya duka. Kijani. Watu wakampongeza, Nazarali ameamua kukaa.

Nimesoma vitabu vingi vya vita, Dada, zaidi ya vile vinavyomfaa mtu wa amani, na katika vingi jeshi linalotaka kuondoka gizani huwasha moto mwingi kuliko kawaida. Baba hakuwahi kusoma vitabu hivyo, ila hila yenyewe aliijua.

Basi nikaenda uwanjani, nikautazama kwa jicho la mtoto wa Nakuru. Mbele wamepaka rangi mpya. Wameweka bango refu kama jengo lenyewe: HAPA NI KWETU. Ndani, upande wa juu ambako kamera hazifiki, taa zilizoungua hazijabadilishwa. Viti vilivyovunjika vimefungwa kwa utepe, na mhudumu mmoja alisema ameambiwa asisumbuke navyo mpaka msimu ujao. Kila mwaka walikuwa wakiuza tiketi za misimu mitatu kwa bei nafuu, sasa wanauza za msimu mmoja mmoja, na wanaliita jambo hili uhuru wa mshabiki. Niliposoma neno hilo uhuru nikalikumbuka limetoka kwenye makala yangu. Wachezaji wapo, Dada, kumi na watano, warefu, wanang'aa chini ya taa. Lakini kila mmoja wao ni jora lililozungushwa juu ya boksi.

Timu inahamishwa. Kuna mji mwingine, wa joto, wenye tajiri anayetaka timu, na hataki kurithi mikataba ya mtu. Anaitaka tupu, na nafasi zote za chipukizi mfukoni, ili aijaze upya kwa majina yatakayouza tiketi kule. Ndiyo maana wamesafisha. Mimi niliyekuwa nikidai usafi ndiye niliyewapa maneno ya kujifunikia.

Sasa nikueleze juu ya Melissa, maana bila yeye utadhani naipenda vita kwa ajili ya vita. Melissa ni Mtrinidadi, ana duka la roti mkabala na lango la uwanja. Kipindi changu narekodi kwenye meza yake ya nyuma, kwa sababu ya harufu na kwa sababu ananitukana bure. Huniita Profesa. Nikikaa tu ananiuliza leo nani atakosa usingizi, na nikimlipa ananiambia nisiache bakshishi kubwa, wafanyakazi wake watadhani niko karibu kufa. Usiku wa mechi kwake hapatoshi kusimama. Wiki mbili zilizopita aliniambia, anang'aa kama bibi harusi, kwamba anachukua na duka la pembeni. Atavunja ukuta, ataweka viti arobaini. Mwenye nyumba anataka mkataba wa miaka kumi, na yeye anaweka nyumba yake kama dhamana. Anatia sahihi Ijumaa hii. Aliniuliza mimi, mtu ninayejua mambo ya timu, naonaje. Nikamwambia roti yake ingeuzika hata jangwani. Akacheka. Mimi nilikuwa nimeshajua, na nilimjibu kwa mzaha.

Na si yeye tu. Kuna Mtamil wa viatu, kuna Mkongo wa kunyoa, kuna familia ya Kisomali iliyofungua chai na sambusa mwaka jana tu. Barabara nzima imejipanga kulielekea lango lile.

Jana ilikuwa Jumamosi. Nabeel alikuja kama kawaida, Zarina alipika kuku wa kupaka, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hii nikaileta kazi mezani. Nilimwambia najua. Hakuniuliza najua nini. Aliweka kijiko chini, akaniuliza nani kaniambia. Nikamjibu hakuna aliyeniambia, ni hesabu tu. Akatabasamu, tabasamu lile la baba yake akikuta mtu amekosea karata, akasema hesabu hazisemi hivyo, Mjomba, hesabu zinasema timu imejisafisha, na timu kadhaa hujisafisha bila kwenda popote. Kisha akanichoma. Akasema miaka sita umenipigia kelele mbele ya mji mzima nisafishe nyumba, nimesafisha mpaka sakafu inang'aa, sasa unalia kwamba ni tupu?

Dada, mimi ambaye hujibu kila mtu, nilimsogezea chumvi.

Zarina alitaka kujua tunazungumza nini, nikamweleza. Akamgeukia kijana, akamwuliza kama ni kweli. Kijana akachukua tena kijiko, akakigeuza tu kwenye sahani. Zarina akaondoa sahani ya kuku iliyokuwa bado nusu, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mgeni, akairudisha tena, akasema kula, mwanangu, ukishiba ndipo uchukiwe.

Ndipo Nabeel akasema kwa upole. Alisema wanaojua ni wanne tu, na yeye ni mdogo kuliko wote. Alisema mwanasheria wa wenye timu aliwaita mmoja mmoja wiki iliyopita, kwa sababu mtu fulani wa gazeti ameanza kunusanusa, akawauliza kama wamemwambia mtu yeyote, mke, mchumba, rafiki. Naye alijibu kwa kiapo kwamba hajamwambia mtu. Nikisema mimi Alhamisi, hakuna atakayehangaika kumtafuta aliyetoboa siri: Noordin Nazarali ni mjomba wake, anakula kwake kila Jumamosi. Atafukuzwa, na katika ligi ile ndogo ambayo kila mtu anamjua mwenzake hakuna timu nyingine itakayomwamini mtu aliyevunja kiapo. Akaniomba ningoje mpaka Juni ya mwaka huu, watakapotangaza wenyewe. Zikiwa zimebaki siku chache kabla ya kutangaza, alisema, hakuna atakayeulizana.

Nikamwambia kuhusu Melissa. Akasema basi mwambie Melissa peke yake. Nilifikiri juu ya hilo, usidhani sikufikiri. Nimnong'oneze Melissa halafu nimwache Msomali wa sambusa? Na Melissa akiulizwa na jirani kwa nini hatii tena sahihi, aseme nini? Nilimwambia Nabeel kwamba siri ya aina hii ikigawiwa kwa upendeleo inakuwa uchafu zaidi kuliko ikinyamaziwa. Zarina akasema mimi ni hodari wa kusema, ila nikishinda safari hii niangalie nimemshinda nani.

Nabeel aliondoka kabla ya chai. Mlangoni, akivaa viatu, alinitazama na macho yake yalikuwa safi kabisa, akarudia tena: Sijamwambia mtu, Mjomba. Wallahi. Na nikaona kwamba anasema kweli, yaani kweli kama anavyoijua yeye.

Hapa ndipo nilipokuwa nakuleta.

Desemba ulimtumia Zarina ujumbe wa sauti kuhusu bizari. Mwishoni, kama mtu aliyekumbuka mlangoni, ulimwuliza kuhusu sweta. Ulisema unamfumia Nabeel sweta la sufu, na nadhani Mombasa nzima ni wewe peke yako unayefuma sufu kwenye joto lile. Umemaliza kiwiliwili na mkono mmoja. Ukauliza uendelee na mkono wa pili au uache, maana umesikia kwake kuwa mji ule atakaohamia na ofisi yake hauna theluji, ni jangwa. Na ukautaja mji kwa jina. Zarina alicheka, akadhani umechanganya mambo, akaniletea simu nisikie namna ulivyolitamka jina lile. Mimi sikucheka. Nilisema umechanganya, kweli, nikamrudishia simu. Baadaye nikaichukua tena kwa kisingizio, nikasikiliza peke yangu.

Kwa hiyo hesabu zilinipa shaka, Dada, na shaka mtu mzima haendi nayo hewani. Uhakika ulinipa wewe. Nabeel nilimdanganya mezani pangu, mbele ya kuku wa kupaka. Nilisema ni hesabu tu.

Na ukae ujue hivi: mwanao hakusema uongo kwa mwanasheria. Aliulizwa kama amemwambia mtu, akatafuta moyoni, hakuona mtu. Kwake wewe si mtu wa kuambiwa au kutoambiwa. Kukwambia wewe ni kama kujisemea mwenyewe. Nani kati yetu asingejibu vile? Mimi pia nikiulizwa leo nani anajua nitakachosema Alhamisi, nitasema hakuna, na barua hii imo njiani. Hawa waajiri wana karatasi zilizoandikwa mke, mchumba, rafiki. Hawakuandika mama, kwa sababu kwao mama ni mtu unayempigia simu mwezi wa Mei, siku ya akina mama. Lakini watakapojua kwamba alikwambia, na watajua, haitasaidia kuwaeleza haya. Kwao kiapo kitakuwa kimevunjika.

Sikuombi ruhusa. Ungeninyima, na ningesema hata hivyo, na hapo makosa yangekuwa mawili. Nitasema kwa sababu Ijumaa asubuhi mwanamke mmoja ataweka nyumba yake rehani kwa ajili ya lango ambalo baada ya msimu ujao halitafunguliwa tena, na mimi nilikaa mezani kwake nikimtania. Nitasema pia kwa sababu napenda kusema. Nitakuwa mnafiki nikikuficha kwamba kuna utamu ndani yake, utamu wa kuwa wa kwanza na wa kuwa sahihi, na kwamba nimejaribu kuutenganisha na ile sababu nyingine nikashindwa. Leo asubuhi nilipita pale. Walikuwa wanashusha viti vya Melissa kutoka kwenye lori, vimefungwa plastiki, arobaini. Alinipungia mkono kupitia kioo. Upande wa pili, uwanjani, lile bango linapigwa na upepo, linatoa mlio kama mtu anayepiga kofi polepole.

Sasa la mwisho. Alhamisi usiku au Ijumaa, Nabeel atafikiri, ana akili, atarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka afike kwako. Atakupigia simu. Atakuuliza: Mama, ulimwambia mtu?

Uliwahi kuulizwa swali la namna hii. Tulipokwisha kuondoka, Baba alikuagiza upande Nakuru uwakabidhi wenye jengo funguo. Ulimkuta Kiprotich amekaa chini mbele ya duka, ameegemea ile rangi ya kijani, kufuli juu ya kichwa chake. Alikuwa ametufanyia kazi tangu kabla wewe hujazaliwa. Alikuja Jumatatu kama Jumatatu zote, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Ulinisimulia mwaka aliozaliwa Tazmin, ulipokuja kumsaidia Zarina. Ulisema hakukasirika, alikuuliza tu: Nurjehan, mwanangu, ulijua? Nawe ukamwambia hapana. Ulisema ulijibu hivyo kumlinda Baba, na kwamba Kiprotich alikuangalia usoni, akasema sawa, akainuka, akakusaidia kufungua lile kufuli kwa sababu lilikuwa gumu.

Safari hii usimlinde mtu. Usinilinde mimi, usijilinde wewe. Akikuuliza, mwambie ndiyo. Mwambie ulisema kwa sababu ya sweta, kwa mapenzi, bila kujua, na kwamba mjomba wake ndiye aliyeokota neno lako na kulitia mfukoni bila kukwambia. Nitaje kwa jina. Atanichukia, na ana haki, na Jumamosi ijayo Zarina ataweka sahani yake mezani hata kama haji. Lakini asije akakaa miaka arobaini akiangalia uso wa mama yake na kujiuliza.

Msalimie sana shemeji, na wajukuu wote mmoja mmoja, na mpika chapati ambaye safari hii hatakuwa amejua kabla yako. Majirani wa zamani wakiuliza, waambie tupo. Nakuombea goti lipoe, na usiku wako uwe mwepesi kuliko wangu. Qurratulain akikupa pia pakiti ya dawa za kupaka, hizo ni za Zarina, zitumie.

Na lile sweta, Dada, malizia mkono wa pili. Nadhani timu ikishahamia jangwani, msimu wa baridi yeye atakuwa bado huku.

Mdogo wako, mkaidi yule yule,
Noordin